Aliyoandika Rukia, Niliyofuta Mimi

Habari za kifo cha Bi Mwanajuma zilinikuta niko juu ya ngazi, namwonyesha fundi pahali rangi ilipovimba katika chumba namba saba. Nina nyumba ya wageni hapa Malindi, vyumba kumi na viwili, kila kimoja na bafu lake, na kwenye ukuta wa mapokezi nimetundika diploma yangu ya usimamizi wa hoteli ndani ya fremu niliyoinunua Doha. Watu huniambia nimeitundika juu mno. Mimi nataka mgeni ainue kichwa kuisoma. Niliipata kwa mikono hii, nikifua shuka mchana na kusoma jioni, na sikubebwa na mjomba wala mheshimiwa yeyote. Lakini rafiki yangu Kassim aliponipigia simu akasema, "Beka, mamake Rukia hatunaye," nilishuka ngazi polepole, nikaketi kwenye kitanda kisichotandikwa, na fundi akaniuliza mara mbili kama rangi iwe ile ile. Nilikuwa nimesharudi kwenye mwaka ule mmoja ambao katika hadithi zote ninazowasimulia watu kuhusu nilivyojijenga, huwa nauruka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Saiba ya Kassim ilikuwa nyuma ya soko, chumba kirefu chembamba chenye kompyuta sita za intaneti; tano zilifanya kazi, ya sita iliwekewa vikombe vya chai. Feni ilikuwa moja, na Kassim alikuwa ameifunga kamba ili isigeuke sana upande wa wateja. Duka la jirani lilikaanga bajia tangu asubuhi, na harufu ya mafuta ilitushika nguoni hata mtu akifika kwao huulizwa kala nini. Zilikuwa zama za blogu, kabla watu hawajahamia na maisha yao kwenye simu, na kila kijana aliyejua kuchapa alikuwa na yake. Yangu niliipa jina langu kamili, Bakari Karisa, chini yake nikaandika "Kijana wa Maono", na pembeni nikaweka picha yangu nimevaa koti la Kassim. Niliandika juu ya uongozi, juu ya nidhamu, juu ya semina niliyohudhuria Kilifi na watu wakubwa niliopeana nao mikono. Kuhusu kazi, niliandika kwamba niko katika sekta ya utalii. Nilikuwamo kweli. Nilikuwa katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya ufukweni, nimesimama mbele ya mashine za shuka kuanzia adhuhuri hadi machweo.

Rukia alikalia kompyuta ya mwisho, karibu na mlango. Mamake, Bi Mwanajuma, alipika mikate ya sinia na vibibi kwao Mambrui, na Rukia ndiye aliyeileta mjini kila asubuhi kuigawa madukani. Ikifika saa nne sinia zake zilikuwa tupu miguuni, na alikuwa na saa moja yake mwenyewe kabla ya kurudi. Mimi nami nilikuwa na saa ile kabla ya zamu. Blogu yake iliitwa Uani. Haikuwa na picha, haikuwa na jina la mtu. Mwisho wa kila makala alitia "Binti wa Uani" basi. Lakini humo ndani hapakuwa na kilichofichwa. Aliandika juu ya shangazi yake aliyeachwa akarudi na sanduku moja, akalificha chini ya kitanda ili ionekane amekuja kutembea. Aliandika siku aliyounguza mkate kwa sababu alikuwa akilia, na hakujua analilia nini. Wanawake walimsoma kutoka Lamu mpaka Tanga, wakamwandikia ya kwao, na yeye alimjibu kila mmoja kama mtu anayejibu jirani aliyebisha hodi.

"Leo tuanze na ipi?" Kassim alipenda kuuliza, maana alitusoma wote wawili kwa sauti, tutake tusitake. "Ya jikoni ama ya diwani?"

"Diwani gani?" nikamuuliza.

"Si wewe, bwana. Jana nimekusoma mpaka mwisho, nangoja tu uniombe kura."

Rukia alicheka ndani ya mtandio. Kisha akanigeukia na kiti chake. "Hebu nikuulize, Beka. Jana umekula nini?"

"Wataka kujua ya nini?"

"Nimekusoma tangu mwezi wa kwanza. Sijui unakula nini, sijui nani anakuudhi. Mtu gani hana hata mmoja wa kumuudhi?"

"Hayo ni mambo ya ndani," nikasema. "Na wewe unayeyamwaga yote, mbona hutii jina? Mtu akisema kweli atie jina."

"Nikitia jina sitaandika kitu. Wewe umelitia, ndiyo maana huandiki kitu."

Kassim akapiga meza. "Ushamalizwa, kaka. Lipa uende zako."

Nililichukua kuwa ni mzaha wa saiba. Baadaye, Doha, niliishi miaka na wanaume wanane chumba kimoja, na kila Ijumaa, siku ya mapumziko, tulivaa vizuri tukaenda kupigwa picha kando ya magari ya watu. Tulizituma nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika kwao kwamba kuna usiku analia kifudifudi ili wenzake wasimsikie, na sote tulikuwa tukisikiana. Dada zetu waliofanya kazi majumbani, wao waliandikiana kila kitu: miguu iliyovimba, mama mwenye nyumba aliyehesabu ndizi. Ila hakuna aliyetia jina lake. Nikiwasoma nilimkumbuka Rukia na sinia zake miguuni, nikaona kwamba yule binti alilielewa jambo hili kabla sijaanza kuliona. Mwanamume akisimulia udhaifu wake, aibu ni yake. Mwanamke akisimulia wa kwake, aibu wanapewa babake na kaka zake. Kwa hiyo sisi tulitia majina tukaficha maisha, na wao wakaficha majina.

Ramadhani ya mwaka ule nilialikwa kufuturu Mambrui. Mwaliko ulitoka kwa Bi Mwanajuma, kupitia kwa Rukia, kupitia kwa Kassim, ili usionekane umetoka kwa mtu yeyote. Nilipokewa sebuleni na babake, Mzee Athmani, mtu wa mashamba, mwenye sauti ndogo iliyomlazimu kila mtu anyamaze ili amsikie. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye tende. Aliniuliza nasoma nini. Nikamweleza juu ya diploma, kwamba imebaki mitihani ya mwisho, kwamba ninaongoza darasa, na nilikuwa naongoza kweli. "Hoteli," akasema, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Kisha tukala uji wa mtama, mkate wa mofa na mchuzi wa papa, na katika chakula chote kile tuliongea juu ya mvua za Jilore na bei ya nazi. Nyuma ya pazia, mahali walipokula wanawake, palikuwa na maisha. Nilisikia mtu akimwiga muuza samaki, nikasikia jina la shangazi wa sanduku likitajwa na wote wakinyamaza pamoja, nikasikia Bi Mwanajuma akicheka mpaka akakohoa. Mzee Athmani naye alisikia. Tulitafuna tukiwa tumetega masikio upande ule ule, kila mmoja akijifanya hasikii.

Kesho yake nilijikuta kwenye Uani. "Tulikuwa na mgeni," aliandika. "Anamega mkate kwa vidole vitatu kama anayeogopa kuwa atadaiwa. Mama amemchungulia, akasema: kijana huyu ana njaa, lakini si ya chakula. Ana njaa ya kutazamwa." Sikuwahi kuandikwa na mtu. Nilisoma sentensi zile nikiwa nimekunja mikono kwapani, maana zamu ilikuwa karibu na dawa ya kung'arisha shuka ilikuwa imenipasua vidole hadi vinatoka damu, ndiyo sababu nilimega kwa vitatu. Rukia aliniona. "Andika mikono yako," akasema kwa sauti ya chini. "Usiandike kitu kingine. Iandike mikono tu."

Asubuhi iliyofuata nikaiandika. Iko siku moja tu katika maisha yangu niliyoandika namna ile. Nilieleza chumba cha kufulia, mvuke, shuka zenye mchanga wa wageni, jinsi nilivyojifunza kushika kalamu ya mtihani katikati ya vidole viwili visivyopasuka. Niliandika kwamba jioni nikifika chumbani kwangu Kisumu Ndogo hupaka mafuta ya nazi, nikakaa na mikono wazi magotini kama anayeomba dua, nikingoja ikauke. Nikabonyeza. Wasomaji wa Uani walifika kwanza, sijui Rukia aliwaambiaje, mmoja alinieleza dawa ya ndimu na chumvi, mwingine aliandika tu, "Pole, mwanangu." Halafu wakaja wenzangu. Mmoja niliyesoma naye akaandika, "Kaka, umeolewa lini?" Mwingine akauliza kama hiyo ndiyo sekta ya utalii. Wa tatu akaweka vicheko mstari mzima. Kassim mwenyewe, na alikuwa akinipenda, aliita kutoka mezani kwake, "Bi Bakari, leso yako hii hapa, ama nikuletee na hina?" Wateja wote walicheka. Nilicheka nao. Kisha nikageukia kompyuta nikafuta makala yale, nusu saa tangu niyaweke, pamoja na wale akina mama na pole zao, na sikubaki na nakala. Rukia aliokota sinia zake, akatoka kabla ya wakati wake.

Nimetafuta makala yale. Nimelipa mtu anayejua mambo ya mitandao ayachimbe, akanijibu kwamba hayapo popote. Makala yangu ya uongozi yote bado yapo. Mtu akitaka leo anaweza kusoma nilichokifikiria juu ya kuweka malengo.

Hatukuwahi kushikana mikono, mimi na Rukia. Yaliyokuwa baina yetu yalikuwa katika viti viwili na saa moja ya asubuhi. Baada ya mitihani, niliposhapata matokeo na jina langu likawa la kwanza kwenye orodha ubaoni, nilimwambia, macho yangu yakiwa kwenye kioo cha kompyuta, "Ijumaa ijayo nitakuja kwenu na wazee."

"Waje baada ya swala," akasema. "Baba akitoka msikitini huwa hana ukali."

Siku ya Jumanne wakala wa ajira akanipigia simu. Kazi ya Doha niliyoiomba ilikuwa imepatikana, ndege ni Ijumaa asubuhi kutoka Mombasa. Ningeweza kwenda Mambrui hata Jumatano. Tuktuk haichukui muda. Kwetu mtu akisafiri, hata awe anakwenda miezi miwili tu, hupita nyumba kwa nyumba kuaga na kuomba radhi, na asiyeaga huhesabiwa kama aliyeiba. Nilijua hayo. Lakini niliwaza nikimkabili Mzee Athmani na ile sauti yake ndogo, mimi mfua shuka, aniambie rudi ukiwa mtu. Nikajiambia ni afadhali nirudi nikiwa mtu kwanza, hapo hatakuwa na la kusema. Nikampigia ami yangu Jilore, nikamwambia mambo ya Ijumaa yameahirishwa. Nikapiga nambari ya Rukia, ambayo ilikuwa simu ya mamake. Bi Mwanajuma akapokea, akasema "Haloo, nani mwenzangu?" nikakata. Halafu Alhamisi asubuhi, kabla ya kupanda basi, nikafanya nilichokuwa nimezoea kufanya nikiwa na habari. Nikaandika makala. "Safari ya Mafanikio: Bakari Karisa Aelekea Ughaibuni." Niliwashukuru walimu wangu, nikashukuru changamoto. Nilikuwa na hakika Rukia atasoma. Alinisoma kila siku asubuhi, hakuwahi kukosa. Kwa akili yangu ya wakati ule, nilikuwa nimeaga.

Kumbe Alhamisi ile hakuja mjini, wala Ijumaa. Mikate haikupikwa. Walikuwa nyumbani wanajitayarisha.

Niliyajua hayo wiki tatu baadaye, katika saiba moja ya Doha, Ijumaa alasiri, wenzangu wakinisubiri nje kwa ajili ya picha. Nilifungua Uani, nikakuta makala yanaitwa "Mgeni Wetu wa Ijumaa". Hakutaja jina. Aliandika jinsi mamake alivyoamka kabla ya alfajiri kukuna nazi, asikubali kusaidiwa. Kuku wa kupaka, wali, samaki aliyechaguliwa pwani na Mzee Athmani mwenyewe. Aliandika jinsi sinia zilivyofunikwa kawa, na jinsi kila baada ya muda mtu alikwenda kuzigusa kwa kiganja kama bado zina moto. Swala ya Ijumaa ikapita, alasiri ikapita. Magharibi chakula kikagawiwa kwa majirani, na kila jirani alipouliza leo kuna nini, Bi Mwanajuma alijibu, "Hakuna. Tumeamua tu kula vizuri." Chini yake wanawake walikuwa wamefurika. Walimlaani mtu yule kwa lahaja zote za pwani.

Niliandika jibu. Niliandika kila kitu, simu niliyoikata, sauti ya babake, mikono. Nikalisoma. Mtu wa kompyuta ya jirani alikuwa akichungulia. Nikafuta yote, nikaandika, "Makala mazuri, dada. Endelea na moyo huo huo." Baada ya siku mbili akanijibu, kama alivyowajibu wote: "Shukrani, kaka. Karibu tena."

Nilipanda cheo mara nne kule. Kutoka kufua hadi kusimamia ghorofa mbili, watu arobaini chini yangu. Mwaka wa pili Uani ikanyamaza. Nikasikia ameolewa, anaishi Lamu, amepata watoto watatu. Nikasikia Mzee Athmani amefariki. Niliporudi na kujenga nyumba yangu nilialika mji mzima kwenye ufunguzi, lakini sikupeleka kadi Mambrui.

Matangani nilikwenda siku ya pili. Wanaume tulikaa mkekani, chini ya turubai, na mazungumzo yalikuwa yale yale. "Mama mwema sana," mmoja akasema. "Naam, mwema," wakaitikia, halafu wakaingia kwenye saruji na barabara mpya. Kutoka ndani nilisikia wanawake wakimsimulia marehemu, kikohozi chake cha kicheko, namna alivyoimba peke yake akikanda. Nikamwomba Kassim aniitie Rukia nimpe pole. Alitokea kwenye mlango wa uani amejifunga leso kichwani, mama mtu mzima, uso ule ule.

"Pole, Rukia. Mungu amrehemu."

"Amin. Ahsante kuja, Beka." Akanitazama. "Nasikia una majumba."

"Moja."

"Makubwa hayo. Marehemu mama alikuwa akiuliza habari zako. Siku ile ulipotia yale maneno yako, 'endelea na moyo huo huo', picha yako ya koti ikatokea. Akataka aione. Akasema, huyu kakonda, hawamlishi huko?"

"Nilimwogopa babako," nikasema. "Niliona atanikataa mbele ya wazee wangu. Hilo tu, Rukia. Hapakuwa na jingine."

Ndani waliita jina lake, akaitika bila kugeuka.

"Kuna kitu sikukiandika," akasema. "Niliandika kuku, niliandika nazi, lakini hiki nilishindwa. Alhamisi ile baba alikwenda madrasa akaazima viti sita. Alivibeba mwenyewe, viwiliviwili, njia nzima watu wanamwona, hataki kusaidiwa. Akavipanga sebuleni, akavifuta vumbi kwa kilemba chake. Na Jumamosi akavirudisha vile vile, viwiliviwili." Alivuta leso usoni. "Hakuna aliyebeba viti hivyo ili akukatae, Beka."

Wakamwita tena, akaingia.

Nilirudi mkekani, nikakaa nilipokuwa nimekaa. Mzee mmoja asiyenijua, mgeni kutoka Lamu, alinitazama akaacha habari za saruji. "Kijana, mbona machozi? Marehemu alikuwa nani kwako?"

Kassim alinisogezea kikombe cha kahawa haraka, na nikaona tayari anatafuta la kusema badala yangu, kwamba ni moshi wa udi, kwamba ni mafua. Nikakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Angekuwa mkwe wangu," nikasema, na mkeka mzima ukanisikia.